Barua ya wazi kwa vijana wa barazani: mwacheni mtu amalize

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nina hasira, na bora niseme mapema.

Jana matangani mlimzunguka mwenzenu aliyefiwa na baba. Akafungua kinywa: "Usiku ule aliniita mara mbili..." Hakufika mbali. Mmoja wenu akadakia, "Hata mimi baba'angu siku ile...", na hadithi ikawa yake. Mfiwa akainama, akawa anachokonoa ukili wa mkeka. Hakusema tena mpaka mnaagana. Nanyi mkaondoka mkijiona mmemliwaza!

Huo ni wizi. "Hata mimi" ina sura ya huruma, lakini inamgeuza mfiwa kuwa msikilizaji wa msiba wako.

Ukishampa pole naye akajibu "nishapoa", kaa, nyamaza. Usimuulize baba alikuwa anaumwa nini. Swali hilo kalijibu tangu asubuhi kwa kila anayevua viatu mlangoni. Akianza mwenyewe, kazi yako ni kuitikia: "ehe", "naam", "lahaula". Akikwama, mrudishie neno lake la mwisho. "Aliniita mara mbili." "Mara mbili." Basi. Usimmalizie sentensi, hata kama neno analolitafuta unalo ulimini. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wengi wenu hamfiki tatu, na jambo lililomkaa mtu kooni halitoki kwa tatu. Ya kwako yangoje akuulize. Asipouliza, rudi nayo nyumbani.

Mlilelewa na mambo haya. Bibi akisema "Paukwa!" asipopata "Pakawa!", ngano haianzi.

Mengine mnayajua: salamu ziishe ndipo shida itajwe, simu mfukoni, ukilazimika kudakia, sema kwanza "nakukata kalima", ukiondoka, omba ruhusa.

Wala sikulaumuni peke yenu. Kwenye mikutano ya mtaa meza kuu inazungumza kwa muda wa saa mbili, kisha wananchi wanapewa dakika kumi za "maswali mafupi mafupi". Nyumba mpya tunazijengea kuta zenye vipande vya chupa juu, baraza hakuna. Na baraza la mawe lilikuwa na siri yake: mnakaa ubavu kwa ubavu, macho yote uchochoroni, mtu anatoa neno zito bila kukodolewa. Sebuleni viti vyote vinatazama televisheni, nayo haimalizi kusema.

Hitima ya marehemu ni keshokutwa. Nendeni mapema, kabla ya kisomo. Dele la kahawa likipita, kikombe cha kwanza kiwe chake. Na wewe uliyedakia, ndiye wa kukaa ubavuni mwake. Mwambie, "Siku ile ulisema alikuita mara mbili." Kisha funga mdomo.

Mzee wenu wa mtaani