TV si mbovu, ni T isiyo na 2

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika hapa kwamba mafundi wa TV tumekuwa matapeli. Alipeleka flatskrini yake mpya kwa fundi, akaambiwa haina kasoro ila haiwezi kushika chaneli hata moja, kisha akauziwa king'amuzi. Fundi huyo si mimi, lakini maneno hayohayo nimeyasema kwa wateja mpaka nimechoka kuyasikia kinywani mwangu. Naomba nafasi nimtetee mwenzangu, walau nusu.

Kabla mitambo ya analojia haijazimwa kwetu Tanga, mwishoni mwa Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, riziki yetu ilikuwa juu ya paa. Antena ya meno marefu imefungwa kwenye bomba, mimi naizungusha, mwenye nyumba yuko dirishani anapiga kelele: "Hapohapo, usiguse!" Picha ikija na chenga, watu waliitazama na chenga zake. Mpira ulionekana kama unachezwa kwenye mvua ya mchanga, na goli tulishangilia.

Digitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakipungua kidogo, picha inakatika vipande vya mraba. Yakipungua tena kidogo, kioo cheusi. Kwa hiyo kiungo cha waya kilicholiwa na chumvi ya bahari, ambacho zamani kingekuletea chenga tu, leo kinakunyima kila kitu. Hilo lina dawa: msasa, kiungo kipya, utepe wa kuzuia maji. Nusu saa nimemaliza.

Lisilo na dawa mikononi mwa fundi ni la yule msomaji. Neno "digitali" kwenye boksi peke yake halikwambii kitu. Kuna kiwango cha kwanza cha kurushia matangazo ya digitali, DVB-T, sisi tunakiita T. Kikaja cha pili, T2, kinachobeba chaneli nyingi zaidi katika masafa yaleyale, na ndicho minara yetu inachorusha. TV ya T2 kwa kawaida inaelewa vyote viwili. Ya T peke yake haielewi T2, hata antena ukaipandishe juu ya mnazi. Ni nzima kabisa, ila lugha inayosemwa hewani haijui.

Bibi mmoja wa Pongwe aliniletea kwa bajaji TV ya inchi 32, ameiviringisha kwa khanga mbili kama mtoto mchanga. Mwanawe alimnunulia, mtumba kutoka Ulaya, inang'aa, na pembeni ina kibandiko kinachojisifu kuwa ni ya kidigitali. Nikasachi: sifuri. Nikabadili waya, nikasachi tena, kwa kweli kwa sababu tu alikuwa ananitazama: sifuri. Nikaingia kwenye menyu nikakuta T, basi. Nikamweleza taratibu. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii imeletwa ya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima. Akanunua king'amuzi kinachoielewa T2 na kuitafsiria TV yake, akapata na rimoti ya pili. Siku kifurushi kilipokwisha, chaneli zote zilitoweka kwenye kioo chake, akarudi kwangu akiamini ni mimi niliyezima.

Nusu nyingine ya maneno ya msomaji wenu siipingi. Wapo wenzetu wanaojua tatizo tangu TV inaposhushwa mlangoni, lakini wakaifungua vilevile, wakapuliza vumbi, wakatoza hela. Hao wajitetee wenyewe.

Ninachoomba kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na kwa wenye maduka ni kidogo sana. TV inayouzwa, mpya au mtumba, iandikwe mbele kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: ina T2 ndani, au haina. Mnunuzi naye, kabla hajatoa hela, amwambie muuzaji achomeke antena asachi papo hapo, bila king'amuzi. Akijibiwa "utasachi ukifika nyumbani", aiache hapo dukani. Ila ajue pia kwamba T2 si ufunguo wa kila mlango: chaneli iliyofungwa na kampuni kwa ajili ya wanaolipia itabaki imefungwa.

Na aliyekwishanunua ya T asiitupe, wala asimuuzie jirani bila kumwambia. Ikipata king'amuzi inafanya kazi miaka mingi tu. Yule bibi wa Pongwe sasa anatazama tamthilia kila jioni, na rimoti zote mbili amezifunga pamoja kwa raba.

Fundi TV,
Ngamiani, Tanga