Usiliuze lile gitaa

Ndugu yangu Hamadi,

Salaam aleikum. Huku Temeke hatujambo, mama anakusalimu sana. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe. Juzi usiku Mwanaidi alinipigia, akanieleza habari ya mkono wako na ule msumeno. Pole sana, ndugu yangu. Usingizi ulinipaa. Lakini kilichonishikisha kalamu ni neno lake la mwisho, kwamba gitaa umeshalitafutia mnunuzi.

Hamadi, subiri kwanza.

Unaikumbuka kanda ya bendi ya Black Sabbath ya kaka yako, tuliyoisikiliza mpaka ikakatika? Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, ni mtoto wa Aston, Birmingham. Akiwa na miaka 17 alifanya kazi kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho, mwenye mashine ya kukandamizia hakuja, akawekwa yeye. Mchana alikwenda kula nyumbani, akasema harudi tena. Mama yake akamtaka akamalize siku. Akarudi, mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Naye ni wa shoto, kwa hiyo huo mkono wa kulia ndio wa kubania nyuzi. Kama wewe na wako wa kushoto.

Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya mpiga gitaa Django Reinhardt, akamshikilia aisikilize, ndipo akamwambia: huyu anapiga kwa vidole viwili, mkono wake uliungua moto. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga, akaitoboa kwa chuma cha moto, akaipiga msasa mpaka ikakaa kidoleni. Juu akagundisha ngozi ya koti kuukuu ili uzi usiteleze. Wewe ni seremala, msasa unao!

Nyuzi nene zilimuumiza, akafunga nyembamba za banjo. Kwenye albamu ya tatu, 1971, akazilegeza kabisa, na besi ya mwenzake Geezer Butler ikashuka naye. Ule mngurumo uliokuwa ukitutikisa kifua ulikolea hapo. Albamu ya kwanza, iliyotoka 1970, waliirekodi kwa siku moja, waandishi wakaiponda. Mwaka huohuo albamu yao ya pili, Paranoid, ikashika namba moja Uingereza. Bila wao sijui bendi kama Metallica wangeanzia wapi. Hata bendi ya Duma ya Nairobi, na makelele yao ya aina nyingine, nawasikia humo.

Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walipiga pamoja uwanja wa Villa Park, hapohapo Aston. Ozzy, mwimbaji wao, aliimba amekaa kitini. Siku 17 baadaye akafariki. Nililia, sikufichi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa Iommi. Alikuwa na miaka 77, na bado alibana nyuzi kwa vile vidole vya kubandika.

Sasa nijibu. Kidonda kimefunga? Vidole vimekatika kwenye kucha au kwenye kiungo? Yule mwenye karakana amechangia chochote cha matibabu? Mnunuzi ameshakupa pesa, au ni maneno tu? Kama shida ni pesa, kwa nini hukuniambia? Na Mzee Bakari anajua?

Jumamosi nakuja Tanga kwa basi la asubuhi. Nakuletea seti ya nyuzi nyembamba. Chupa ya sabuni usiitupe.

Wako,
Saidi