Figo haiombwi kikaoni: barua ya wazi kwa wakuu wa koo za Tanga

Ndugu zangu wazee, wajomba na mashangazi mnaoitwa kuongoza vikao vya ukoo, kuanzia Chumbageni hadi Mwambani,

Assalaam alaykum. Na ndugu zangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Nina miaka 74, na jambo ninalolieleza nimelitenda kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita, mtoto wa marehemu kaka yangu alishindwa figo zote mbili kwa shinikizo la damu ambalo hakulitibu mapema. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, akirudi nyumbani hata kuvua viatu hawezi. Madaktari wakasema apandikizwe figo. Nikaita kikao kwangu Ngamiani, baada ya Isha.

Kaka zake wawili kila mmoja alikuwa na neno: huyu ana sukari, yule ana watoto wadogo. Macho yakahamia kwa kitinda mimba, binti wa miaka 26, hajaolewa, amekaa karibu na mlango akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Mimi nikapigilia msumari: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Akasema, "Haya." Uso hakuuinua. Tukasoma Fatiha, kahawa ikapita.

Lile "haya" halijanitoka masikioni. Tumelelewa kwa adabu, tunajua kwamba mtoto akimwambia mkubwa wake "haya" hajasema kwamba anataka. Usiku ule haya yake ndiyo iliyojibu, nami nikaipokea kama ridhaa.

Upasuaji ulikwenda salama, hapa hapa nchini. Tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, India si lazima tena, na jambo hili limesogea hadi vibarazani kwetu. Nilipokwenda kuwatazama, kitanda cha kijana kilikuwa kimezungukwa na ndugu, dua na machungwa. Binti alikuwa chumba cha pili, peke yake, uji umeshika utando juu, amekumbatia mto ubavuni kila akitaka kukohoa. Nikampa pole ya dakika mbili, nikarudi kwa mgonjwa "wetu". Na yeye ndiye aliyeingia pale mzima akapasuliwa!

Sitaki kuwatisha watu wasitoe. Wanaotoa kwa ridhaa yao wengi hupona vizuri, na wengi husema wangetoa tena. Figo iliyobaki huongeza kazi. Wanaofariki kwa upasuaji huo ni takriban 3 katika kila 10,000. Lakini mchangiaji apimwe shinikizo na figo kila mwaka, maisha yake yote. Mwanamke huzaa, ila shinikizo la mimba humnyemelea zaidi, kwa hiyo aanze kliniki mapema na asifiche kwamba ana figo moja. Kikaoni kwangu hakuna aliyemweleza hayo. Alikuja kuyasikia posa ilipofika, wakwe wakauliza kama "atafaa".

Kilichomvunja zaidi kilikuja mwaka wa pili. Mwili wa kaka yake uliikataa figo, akarudi kwenye mashine. Nyumbani kwetu mtu akatamka kwamba figo ya binti ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Alijifungia ndani siku nyingi. Mchangiaji huweza kukiomboleza kiungo chake kama aliyefiwa, na hapati pole kwa sababu hakuna tanga lililowekwa.

Kijana naye alikuwa na mzigo wake. Akikosea kidogo anakumbushwa: "Umebeba figo ya mwenzio, wewe!" Akaanza kumkwepa dada yake. Qur'ani, katika Surat al-Baqara, inatukataza kuiharibu sadaka kwa masimango na maudhi. Sisi tuliisimanga sadaka ambayo hata hatukuitoa.

Pandikizi la kwanza la figo lililofanikiwa, huko Boston mwaka 1954, lilikuwa la mapacha, Ronald na Richard Herrick. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard, yule mgonjwa, alimwandikia ndugu yake aondoke aende nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na anabaki. Richard aliishi miaka minane zaidi. Mgonjwa mwenyewe alimfungulia ndugu yake mlango, naye akabaki kwa hiari. Binti yetu alikaa karibu na mlango usiku kucha na hakuna aliyemfungulia.

Basi mfungulieni wenu. Mwombeni daktari azungumze naye peke yake, bila mjomba, bila mume. Akisema hataki, daktari anaweza kuwaambia tu kwamba hafai kuchangia, bila kutaja sababu. Wapo watakaouita uongo. Mimi naona ni stara, na stara si jambo geni kwetu. Msiulize zaidi.

Na kile kiwanja cha Pongwe mnachomwahidi mchangiaji "akikubali" ni bei. Wanazuoni waliokutana Jeddah mwaka 1988 waliruhusu kutoa kiungo, wakakataza kukiuza. Nauli yake, chakula na mshahara wa wiki alizolala kitandani, hayo mlipeni, ni haki yake.

Mwaka huu nilimwendea binti yule nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba mdogo, ningetoa. Ila mngeniuliza."

Jumapili baada ya Alasiri nimealikwa kuongoza kikao kama kile, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nitakwenda. Neno langu la kwanza litakuwa kuomba yule kijana wanayemtazama asiwepo, na jina lake lisitajwe.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga