Mwenye karatasi naye anaogopa kusafiri

Ndugu Mhariri,

Salaam na poleni na kazi. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu wa barua kuhusu mambo ya uhamiaji kule Marekani, akasema mwenye karatasi zake halali hana cha kuogopa, wanaosakwa ni wale walioingia kwa njia za panya tu na wao ndo wenye kupiga kelele. Hoja hii siku hizi naisikia kila mahali, barazani, kwenye daladala, mpaka nje ya msikiti baada ya swala, na watu wanaitikia kabisa. Mi nasema sio kweli, na wala sikisii, jambo hili limo ndani ya nyumba yangu.

Mimi naishi Ngamiani hapa Tanga, mke wangu ni mtu wa Chogo, Handeni. Kwa wasioijua Chogo niwaeleze kidogo maana bila hapo hamtanielewa. Pale wanakaa Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa toka huku kwetu karne ya 19 wakauzwa utumwani Somalia, wakaishi bonde la mto Juba miaka yote hiyo na Kizigua chao hawakukiacha, mpaka vita vya 1991 vilipowatoa. Baadhi yao wakarudi huku kwa mababu, serikali yetu ikawapokea Handeni na baadae wengi wao ikawapa uraia. Wenzao wakaishia makambini Dadaab na Kakuma huko Kenya, na hao kuanzia 2003 Marekani iliwachukua, watu kama 12,000 hivi, ikawatawanya kwenye majimbo mengi, wengi wao baadae wakahamia Lewiston kule Maine kwenye baridi isiyosemeka. Kwahiyo unakuta ukoo mmoja, baba mmoja, huyu Mtanzania, yule Mmarekani, na mwingine ana grini kadi ya Marekani, yani kadi ya ukaazi wa kudumu, lakini uraia bado.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko hilo kundi la mwisho. Ana grini kadi, anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo, kodi analipa, mtihani wa uraia ndo umemchelewesha sababu ya Kiingereza. Sasa mama yao alipofariki kule Chogo, shemeji hakuja. Na sio kwamba alikosa nauli, nauli anayo, kazini ruhusa walimpa. Wakili ndo alimwambia usitoke, kwenye kadi yako imeandikwa umezaliwa Somalia na Somalia imo kwenye orodha ya nchi zilizofungiwa, ukitoka siwezi kukuahidi kwamba utarudi kwa wanao.

Mtu atasema mbona lile agizo la Trump la Juni 2025, lililofungia nchi hizo, limeandika wazi kuwa wenye grini kadi haliwahusu. Kweli limeandika. Ila watu hawajasahau Januari 2017, agizo la kwanza la Trump lilitoka siku ya Ijumaa, nchi 7, Somalia ikiwemo, na kuna abiria walikuwa tayari wako angani. Wameshuka wanakuta mambo yamebadilika, mpaka wenye grini kadi wakazuiwa viwanja vya ndege masaa kibao, na wapo waliowekewa fomu mbele wasaini kwamba wanaachia ukaazi wao wenyewe kwa hiari. Zilipita siku kadhaa ndo ikulu yao ikaweka wazi kwamba wenye grini kadi hawamo. Alafu mwisho wa Novemba 2025 mkuu wa idara yao ya uraia na uhamiaji akatangaza kwamba grini kadi za watu wa nchi 19 zitapitiwa upya zote, Somalia imo, hata jirani zetu wa Burundi wamo. Sasa wewe ungekuwa ndo mtoto wa marehemu, una watoto shuleni kule, una nyumba ya kupanga na mkataba, hivi ungepanda ndege?

Tukazika bila yeye. Tulimshikia simu makaburini, na mtandao wa kule vijijini unakata, talkini aliisikia vipande vipande. Mke wangu mpaka leo akigusiwa hilo analia. Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni wazee wawili watatu waliokaa pale msibani wakawa wanasema kijana kalewa dola, kamsahau aliyemzaa. Nilijaribu kuwaelewesha, wakaniangalia tu. Hawaamini kwamba mtu aliyeruhusiwa na serikali kukaa nchi fulani anaweza kushindwa kutoka nje ya nchi hiyo kwenda kuzika, na siwalaumu, nani angeamini? Ndo maana barua ya yule msomaji imenigusa, sababu kauli kama ile inamgeuza shemeji yangu kuwa mwongo mbele ya ukoo wake.

Na hata asiyezaliwa nchi iliyofungiwa naye ana yake. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya siku 180, akirudi anahojiwa kama mtu anayeomba kuingia upya. Akipitisha mwaka bila kibali maalumu cha kurudia, kadi yake inahesabika haina kazi tena ya kumwingizia, na hicho kibali lazima akiombe akiwa bado yuko ndani ya Marekani, ukishafika Tanga ndo ukakumbuka, umechelewa. Hizi kanuni sio mpya, zipo siku nyingi, lakini ofisa akiwa mpole zinapita na akiambiwa kaza zinakaza. Na ugonjwa wa mzazi hauna kalenda. Baba akipata kiharusi huwezi kumwambia apone kabla miezi sita haijaisha. Mtu mwingine ana kosa la ujana, alishalipa faini na akasahau, ndani ya nchi hakuna anayemuuliza, ila siku anarudi toka safari faili linafunguliwa pale pale uwanjani. Wale ambao wameomba grini kadi wakiwa kule kule na wanasubiri majibu, wengi wao wakitoka bila kupata ruhusa ya mapema ya kusafiri, ombi linahesabiwa kuwa wamelitupa. Wote hawa ni halali! Hakuna hata mmoja aliyeruka ukuta.

Tena hapo nimesema safari ya kuvuka bahari tu, ya ndani je? Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria, SB 1070, kwamba polisi akimsimamisha mtu kwa kosa lolote akamshuku kuwa hana kibali basi ahakiki karatasi zake. Mahakama yao ya Juu kabisa 2012 ikafuta vipengele vitatu, hicho cha kuhakiki ikakiacha. Alabama nao 2011 wakaja na ya kwao kali zaidi, HB 56, na mwezi Novemba mwaka huo huo askari wa mji wa Tuscaloosa wakamsimamisha bosi mmoja Mjerumani wa Mercedes, kampuni yenye kiwanda hapo hapo jimboni, gari la kukodi halina namba, mfukoni ana kitambulisho cha kwao tu, wakamweka ndani mpaka mwenzake alipoleta pasi. Gazeti zikaandika sana sababu ni mtu mkubwa. Mkulima wa nyanya akishikwa hivyo nani ataandika?

Na mfano ninaotaka yule msomaji aushike ni wa kaunti ya Maricopa, hiyo hiyo Arizona, enzi za sherifu, yani mkuu wa polisi wa kaunti, Joe Arpaio. Mwaka 2007 askari wake walisimamisha gari wakamkamata abiria raia wa Mexico ambaye alikuwa ana viza halali kabisa na karatasi alizitoa akawaonyesha. Wakamshikilia masaa. Kesi ilienda mahakamani, 2013 jaji akaamua kwamba ofisi ile ilikuwa inasimamisha watu kwa kuangalia asili yao. Yani mtu anayo karatasi, anaionyesha, na bado. Na Septemba 2025 hiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaondoa zuio la mahakama ya chini lililokuwa linawakataza maofisa wa uhamiaji pale Los Angeles kusimamisha watu kwa kutazama tu rangi, lugha wanayoongea, aina ya kazi na mahali walipokutwa. Sheria ya 1952 nayo inataka kila mgeni mkaazi kuanzia miaka 18 atembee na kadi yake muda wote, ukiisahau nyumbani ni kosa. Shemeji anasema siku hizi hata kwenda dukani anaangalia kwanza kama anayo, na safari ya kwenda kuwaona ndugu majimbo mengine, mwendo wa basi siku nzima na zaidi, wameiacha kabisa familia nzima.

Sisi watu wa pwani tunalijua juya, ule wavu wa kukokota samaki, ukilivuta halichagui. Sheria hizi zinatungwa kwa kusema tunataka wahalifu, tunataka wasio na kibali, sawa, nchi yoyote ina haki ya kujua nani yumo ndani yake na mi hilo silipingi. Ila askari akiwa barabarani haoni kibali, anaona sura na anasikia lafudhi. Basi mwenye sura hiyo na lafudhi hiyo analipa, awe na karatasi asiwe nazo.

Msidhani nawasema Wamarekani peke yao. Barabara yetu hii ya kwenda Horohoro, mpakani na Kenya, mke wangu amewahi kuteremshwa kwenye basi, mtu mzima na watoto wake, kitambulisho cha taifa anacho mkononi, askari mmoja anamwambia Kiswahili chako kina kigugumizi cha Kisomali, wewe sema ukweli umetoka wapi. Basi likasubiri, abiria wakaanza kunung'unika kwamba anawachelewesha, yeye ndo akaonekana mkosaji. Akaachiwa. Lakini tangu siku ile kwenda Mombasa kwa dada yake hataki. Ana haki yote ya kwenda na haendi! Na wakubwa wangu mtakumbuka Operesheni Kimbunga ya 2013 kule Kagera, Kigoma na Geita, ilisemwa ni ya wahamiaji haramu na majambazi, wakaondolewa maelfu, na ndani yake walikuwemo watu walioishi hapa miongo mingi, waliooa na kuolewa hapa, familia zikagawanyika baba huku mama kule. Ni mkasa ule ule tu, bendera tofauti.

Kuhusu sisi wenyewe kwenda kwao nitasema kwa ufupi. Mwaka 2020 Tanzania iliondolewa kwenye bahati nasibu ya grini kadi, Biden akafuta hilo alipoingia Januari 2021. Oktoba 2025 tukawekwa kwenye nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutakiwa aweke dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, hiyo ya juu ni zaidi ya milioni 30 za kwetu, inarudishwa ukitoka kwa wakati. Mkulima wa machungwa wa Muheza anayetaka kwenda kumwona mjukuu aitoe wapi? Alafu Desemba 2025 ikatoka nyingine, Tanzania ikaingizwa kwenye orodha ya zuio la sehemu kuanzia tarehe 1 Januari 2026, viza mpya za matembezi, za masomo na za kuhamia zimesimamishwa, waliokuwa na viza tayari hazikufutwa. Kwahiyo wao wakiogopa kuja na sisi tukizuiwa kwenda, mzazi na mtoto wataonana wapi?

Mhariri, ombi langu kwako ni moja. Mtafuteni mwanasheria anayezijua hizi kanuni za Marekani mumpe ukurasa, ajibu maswali ya watu kwa Kiswahili cha kawaida, maana ndugu zetu walioko kule wanasoma gazeti hili kwenye simu na wengi wao barua za kule za Kiingereza wanasomewa na watoto wao wa shule. Aeleze siku ngapi mtu anaweza kukaa nje, kibali cha kurudia kinaombwa vipi na kinachukua muda gani, na aeleze kwa herufi kubwa kwamba ile fomu ya kuachia ukaazi, I-407, mtu halazimishwi kuisaini pale uwanjani, ana haki ya kukataa akaomba kesi yake isikilizwe na jaji wa uhamiaji. Hilo la mwisho shemeji alikuwa halijui kabisa mpaka alipomlipa wakili, na kumlipa wakili kule sio mchezo.

Na ukurasa huo ukitoka naomba mniwekee nakala kadhaa, nitazipeleka Chogo mwenyewe, wale wazee nataka wausome.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga