Barua ya wazi kwa Rais wa National Pan-Hellenic Council: Poindexter naye aandikwe

Mheshimiwa Rais, salaam nyingi.

Mimi ni mzazi, Mtanzania naishi hapa Maryland, binti yangu yuko chuo na anatamani kujiunga na sororiti (chama cha udugu cha wasichana) moja kati ya vile vyama tisa vya wanafunzi weusi mnavyoviunganisha, hivo nimekaa nikasoma historia zenu kwa kweli. Ni historia nzito sana, na ndo maana naumia nikiona inavyopigwa pasi, mikunjo yake yote inafichwa.

Chukua Alpha Phi Alpha, chama cha wavulana kilichoanzia chuo cha Cornell, 1906. Kila kijana anakaririshwa majina ya waasisi saba, sawa, lakini yule C. C. Poindexter aliyekuwa anaongoza vikao vya mwanzo kabisa hayumo kwenye saba, manake yeye alitaka kibaki chama cha kujisomea, sio frateniti (chama cha udugu). Na Eugene Kinckle Jones, ambaye yumo, nafasi yake ilikuja kuthibitishwa 1952! Sasa hiyo orodha ilibishaniwa miaka mingapi, na kwanini watoto wasiambiwe? Haimshushii mtu heshima, mi naona inaongeza.

Au chuo cha Howard, Januari 1913. Wasichana 22 walitaka sororiti yao ya AKA (Alpha Kappa Alpha) ibadilike, jina na mwelekeo, wenzao wakiongozwa na Nellie Quander wakakataa, basi tarehe 13 wale 22 wakaanzisha sororiti yao, Delta Sigma Theta, na tarehe 29 AKA ikasajiliwa rasmi. Ukisikiliza upande mmoja unaambiwa walikuwa wanamapinduzi, upande wa pili unaambiwa walivunja nyumba, na Machi 3 hao Delta wakaandamana Washington kudai kura ya wanawake na mpaka leo maelezo yanapishana walitembea sehemu gani ya msafara.

Naomba mziweke hizo hoja zote pamoja, na kumbukumbu za vikao zenyewe zikiskaniwa watu wasome. Na mambo machungu pia yasifichwe, 1990 mlifuta pledging, yaani kile kipindi cha majaribio kwa wanaotaka kujiunga, kwa sababu vijana walikuwa wanapigwa na kudhalilishwa, binti yangu ana haki ya kuyajua hayo kabla hajajaza fomu.

Halafu kuna bibi zetu wa chapta (matawi) za zamani wenye maboksi ya picha na barua chini ya vitanda, wakifariki wajukuu wanatupa. Tumeni vijana wakawarekodi mwaka huu huu, kila picha iandikwe nani ni nani wakati mwenyewe bado yupo wa kusema.

Wako,
Mzazi, Maryland