Kabla Hujanunua Sabufa Kubwa Zaidi

Mteja wetu mmoja wa Nyegezi alitupigia simu akitaka tumpelekee sabufa kubwa kuliko aliyokuwa nayo, kwa maelezo kwamba besi ya redio yake haitoki. Tulipofika nyumbani kwake tulikuta kwamba yeye huketi katikati ya sebule, na kweli hapo besi ilikuwa hafifu mno. Lakini mama yake mzazi, ambaye kiti chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani karibu na kona, alikuwa amelalamika kwa muda mrefu kwamba redio hiyo hiyo inamgonga kifuani na kwamba hapati maneno ya kwaya anazozipenda. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na sabufa kubwa ingemtesa mama bila kumsaidia mwana.

Sababu yake iko katika vipimo vya chumba. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde, wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa mita 8 na kidogo, na nusu yake ni mita 4 na kidogo, ambao ndio upana wa sebule nyingi tunazoingia hapa Mwanza. Nusu ya wimbi inapoenea sawasawa kati ya kuta mbili, sauti hugonga ukuta, hurudi, na kujilimbikiza juu ya ile inayokuja, hivi kwamba besi huvimba kandokando ya kuta na karibu kutoweka katikati. Sebule ya mraba ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa noti ile ile huvimba kwa urefu na kwa upana kwa pamoja. Kuta zetu za tofali za saruji nazo haziachii besi itoke kwa urahisi kama zinavyofanya kuta za mbao, na katika nyumba za mlimani, ambako majabali ndiyo yaliyoamua chumba kiishie wapi, mara nyingi hakuna nafasi ya kusogeza ukuta hata hatua moja.

Kinachoweza kusogezwa ni vyombo na watu. Kwa mteja huyo tuliitoa sabufa kwenye kona, kwa sababu kona hukuza besi kuliko mahali pengine popote chumbani, tukairudisha sofa yake nyuma kidogo kutoka katikati, na kiti cha mama tukakisogeza mbele mbali na ukuta. Tulikagua pia nyaya, tukakuta spika moja imeungwa kinyume, mwekundu kwa mweusi. Hilo ni kosa dogo kwa macho lakini lina madhara makubwa, kwa maana spika moja husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi za pande mbili huuana. Hatukumuuzia kifaa chochote siku hiyo, na tunaona tulifanya vyema.

Upande wa sauti nyembamba tatizo ni jingine. Sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu na madirisha mapana ya vioo hurudisha sauti kali mara nyingi, na maneno ya mwimbaji au msoma habari hufunikwa na mwangwi wake mwenyewe. Zulia nene, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hupunguza mwangwi huo sana. Ila tunaomba ieleweke kwamba zulia halipunguzi besi, na ndiyo maana sebule iliyojaa mapazia huweza kuwa na sauti iliyofifia juu na mvumo mzito chini. Mvua ikinyesha juu ya mabati yasiyo na dari ni suala lingine kabisa, na hapo hatuna spika ya kumshauri mtu.

Baada ya chumba huja sikio, na hapa ndipo familia nyingi zinapogombana bila sababu. Kijana mwenye usikivu mzima huweza kusikia sauti hadi karibu mitikisiko 20,000 kwa sekunde, lakini kadiri umri unavyosonga, sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza. Herufi kama s, f na t hukaa huko juu, kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anazungumza ila hapati maneno. Ukimwongezea sauti yote, unamwongezea na besi inayoyafunika maneno hayo. Dawa ni kupunguza besi na kuinua kidogo sauti za kati na za juu kwenye ekolaiza, yaani sehemu ya redio ya kurekebisha besi na sauti nyembamba kila moja peke yake. Kwa kijana anayesikiliza usiku kwa sauti ya chini, mambo hugeuka: mwaka 1933 watafiti wa Marekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwa vipimo kwamba sikio la binadamu huwa dhaifu kwa besi sauti inapokuwa ndogo. Huyo anahitaji besi iongezwe, na si kwamba redio imeharibika.

Kuhusu wati zilizoandikwa kwenye boksi, tunasema kwa ufupi: wati zikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ili isikike kama imekuwa kubwa maradufu zinahitajika wati mara 10 hivi. Muhimu zaidi ni usawa wa spika yenyewe. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wake nchini Kanada kwa miaka mingi, aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia, na wengi wao walipendelea spika ambazo sauti yake haijavimba wala kubonyea popote. Nasi dukani hufunika spika kwa kitambaa kabla mteja hajachagua, ili jina na rangi visimwamulie.

Ukituita nyumbani, tunaomba kila anayesikiliza awepo, pamoja na bibi na watoto, na kila mmoja aandae nyimbo mbili anazozijua vizuri. Tutapima sebule, tutakaa kwenye kila kiti, na kama redio yako ina nafasi ya kuhifadhi mipangilio, tutaacha mmoja wa kwaya na taarifa ya habari, mmoja wa muziki wa mchana na mmoja wa usiku.