Kubofya vipimo 64 kwa mkono ni mateso

Mhariri salaam, naandika toka Ngamiani, Tanga. Mie natengeneza ripoti za mauzo ya katani kwenye Power BI (programu ya Microsoft ya kuchambua data), juzi bosi kataka namba zote ziwe na koma bila desimali, vipimo 64 (yaani fomula zinazokokotoa namba za ripoti), nikabofya kimoja kimoja mpaka adhana ya alasiri ndo niko cha 19 mkono ushakufa ganzi. Kumbe Microsoft tangu Januari 2025 washaweka sehemu ya TMDL (lugha ya kuandikia modeli) humohumo, modeli, yaani majedwali na vipimo vya ripoti, unaiona kama maandishi, mstari wa formatString, unaosema namba ionekaneje, unaubadilisha kote kwa mpigo. Ila kama ni kipimo kimoja tumieni mausi tu, skripti ya nini? Na wekeni kopi ya faili kwanza jamani, ukikosea umekosea vyote. Vyuo vyetu vya hapa vifundisheni vijana hii kitu.

Msomaji wenu, Tanga